Bi Mwahija Apanda Meli

Alhamisi saa tatu asubuhi, Sauda alipima ngazi ya meli kwa futi yake ya kushonea. Vidato vilikuwa ishirini na saba, kila kimoja kimo cha inchi nane. Aliandika hesabu hiyo nyuma ya tiketi, akarudi gatini alikowaacha wazee wake wawili: bibi yake, Bi Mwahija, kwenye kiti cha magurudumu, na mdogo wa Bi Mwahija, Mzee Yunusu, juu ya begi la nguo.

"Tungehitaji mbao ya mita tisa," Sauda alisema. "Na fundi wa kuifunga."

"Meli inaondoka saa ngapi?" Bi Mwahija aliuliza.

"Saa saba."

"Basi bado mapema."

Ilikuwa meli ya matembezi, nyeupe, yenye sitaha mbili na mkahawa. Ilitoka Lindi kila Alhamisi, ikalala baharini, ikafika Kilwa Ijumaa asubuhi. Sauda alikuwa amepiga simu mara tatu kabla ya kukata tiketi, na mara zote aliambiwa wazee wanakaribishwa. Hakuna aliyemdanganya. Mzee Yunusu, anayetembea hatua kumi kwa mkongojo kisha akapumzika, alikuwa amekaribishwa bila shida. Aliyekwama ni Bi Mwahija, ambaye miguu yake ilikufa kwa kiharusi miaka sita iliyopita. Tangu hapo alikuwa ametoka nyumbani mara kumi na moja. Mara tisa alipelekwa hospitali na mara mbili msibani.

Karani wa meli aliitwa Francis, mwenyeji wa Milola, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi hata mikononi. Alimwamkia Bi Mwahija kwa heshima, akamwonyesha tangazo lililofungwa kwa skrubu chini ya ngazi. Lilisema kwamba kila abiria atapanda mwenyewe, na kwamba wafanyakazi hawaruhusiwi kumbeba mtu.

"Bibi anakwenda Kilwa kwa matibabu?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Hapana."

"Msiba?"

"Hapana."

"Sasa niandike nini?"

"Andika starehe. Nataka kukaa pale juu ninywe chai, huku watu wengine wakipita chini."

Francis aliandika starehe. Kisha akaeleza kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba kuanzia hapo chini hakuna anayeweza kupandishwa isipokuwa maiti. Maiti wana utaratibu wao. Wanakuja na jeneza na wabebaji wanne, na hupita kabla ya abiria wote.

Bi Mwahija alimgeukia mdogo wake.

"Yunusu," alisema, "nenda ukaniletee wabebaji."

"Wabebaji gani, dada? Vijana wote wako Dar. Waliobaki wana migongo kama yangu."

"Nimesema wabebaji. Sikusema walio hai."

Mzee Yunusu aliinuka. Kutoka gatini hadi makaburini si mbali, lakini kwa mwendo wake ilimchukua saa nzima kwenda. Kurudi kulikuwa haraka zaidi kwa sababu alishikwa mkono. Alirudi na wanaume wanne waliovaa sanda. Watatu walikuwa majirani wa zamani ambao Bi Mwahija alipika katika matanga yao. Wa nne alikuwa Rehani, mume wake, aliyekufa miaka kumi na minne iliyopita.

"Umechelewa," Bi Mwahija alimwambia.

"Tulipitia msikitini," Rehani alijibu. Alikuwa bado na pamba puani, kwa hiyo alizungumza kama mtu mwenye mafua.

Walikuwa wamepitia msikitini kuazima jeneza. Nurdin, mtunza vyombo vya msikiti, aliwaambia kwamba jeneza ni wakfu, na wenye haki nalo ni maiti peke yao. Rehani akamwambia kwamba wao wanne wote ni maiti. Nurdin aliwatazama, akaona kwamba ni kweli, akafungua mlango wa stoo. Aliomba tu lirudishwe kabla ya saa kumi, kwa sababu kulikuwa na maziko.

Jua lilikuwa kali na gati halina kivuli, kwa hiyo Sauda alikuwa amemsogeza bibi yake hadi kwenye baraza la duka la nyavu, upande wa pili wa barabara. Hapo ndipo walipompakia. Walitaka kumlaza. Alikataa.

"Nimelala miaka sita," alisema. Akakaa wima katikati ya jeneza, mkoba wake mapajani, mkono mmoja umeshika ukingo.

Waliinua, wakaanza kutembea. Watu wa Lindi wanapoona jeneza hawaulizi ni la nani. Wanaliendea, kila mmoja atie bega hatua chache, kisha ampishe mwingine. Aliyetia bega haondoki mpaka apatikane wa kumpokea, kwa kuwa nafasi ya mbebaji haiachwi wazi. Muuza nyavu alitoka dukani akapokea kona ya mbele. Ismaili, kinyozi, alimwacha mteja nusu kichwa. Mteja naye akafuata, taulo shingoni. Walishika tahalili kwa sauti ya chini, macho yakiwa barabarani, na walikuwa wamekwenda hatua thelathini hivi ndipo sauti ikatoka juu yao.

"Kushoto kumeshuka. Inueni."

Ismaili aliinua macho.

"Shikamoo, Bi Mwahija."

"Marahaba, mwanangu. Kushoto."

"Kumbe bado unahema? Sisi tumeshaanza kukulilia."

"Nani alilia? Wewe ulikuwa unawaza pilau."

"Nilikuwa nawaza vyote viwili," Ismaili alisema, akainua upande wa kushoto. Hakuna aliyetoka. Walikuwa wametia bega kimakosa, lakini bega lilikuwa limekwishatiwa. Tofauti ilikuwa moja tu: waliacha tahalili, wakaanza kuzungumza habari za bei ya ufuta.

Francis aliwaona wakija, akavua kofia, akaishika kifuani. Alipotambua aliyekaa juu ya jeneza, aliirudisha kichwani.

"Huyu ni maiti?" alimuuliza Sauda.

"Ni abiria. Tiketi yake hii hapa."

"Abiria hapandi kwa jeneza."

"Na maiti hakati tiketi."

Francis alisoma orodha yake juu hadi chini, kisha akatafuta njia ya kusaidia, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alisema anaweza kumfuta Bi Mwahija kwenye orodha ya abiria na kumwandika kwenye orodha ya maiti. Angepitishwa mlango wa nyuma, ule wa mizigo, na kuwekwa penye ubaridi mpaka Kilwa. Utaratibu ungekuwa umetimia na hakuna ambaye angeulizwa.

Mzee Yunusu aliona ni jambo zuri. "Kubali, dada. Tukishatoka bandarini utafufuka taratibu. Nitakuletea chai hukohuko."

"Kuna dirisha?" Bi Mwahija aliuliza.

"Hakuna, bibi," Francis alisema.

"Basi usinifute. Nimeishi miaka themanini na moja bila kufutwa. Siku nitakayokufa nitapita mlango wa nyuma na sitakusumbua. Leo ninapita mbele."

Kisha akawaambia wabebaji, "Twendeni."

Hakuna aliyemwomba Francis ruhusa, naye hakuwazuia, kwa sababu hajawahi kumwona mtu akisimama mbele ya jeneza na hakujua mtu husimamaje. Abiria waliokuwa ngazini walijibana pembeni. Waliotangulia waliinama, waliofuata walinyoosha mikono juu, na Bi Mwahija akabaki amekaa sawasawa kama mtu aliye sebuleni kwake. Kwenye kidato cha kumi na moja, mteja wa Ismaili alijikwaa kwenye taulo lake. Kona ya nyuma ikateremka.

Francis alikuwa karibu. Ni Mkristo, lakini amekulia Milola, ambako watu huzikana bila kuuliza dini, na bega lake lilikuwa chini ya jeneza kabla hajawaza lolote.

"Bibi, hili haliruhusiwi," alisema kutoka chini.

"Najua. Usiyumbe."

"Wafanyakazi hawaruhusiwi kumbeba mtu."

"Umeshanieleza, baba. Bado vidato vingapi?"

"Kumi na sita."

Alitafuta kwa macho mtu wa kumpokea. Waliokuwa nyuma yake walikuwa wote wamekwishabeba zamu zao. Alipanda hadi juu.

Sitahani walimhamishia kwenye kiti cha plastiki karibu na ukingo, upande wa bahari. Sauda alifuata na kiti cha magurudumu kilichokunjwa, kisha Mzee Yunusu, hatua kumi kumi, na foleni ikamsubiri. Rehani alibaki amesimama kando ya kiti cha mkewe, akatazama mkahawa, mabenchi na maji.

"Pazuri," alisema.

"Huna tiketi," Bi Mwahija alimwambia. "Na jeneza linangojwa."

Rehani aliliweka begani pamoja na wenzake, wakashuka. Saa saba meli iliondoka. Walipopita Mchinga, Bi Mwahija alikuwa kwenye kikombe cha tatu cha chai. Wanawake waliokuwa wakivua pweza mwambani walisimama kuitazama meli, naye akawatazama wao mpaka wakawa wadogo. Sauda alimuuliza kama anataka kuingia ndani kwa ajili ya upepo. Alisema upepo ndio alioulipia.

Ijumaa saa mbili asubuhi waliingia Kilwa Masoko. Ngazi iliteremshwa, vidato vilevile ishirini na saba. Francis alikuwa amepokea ujumbe kutoka ofisini. Uliagiza kwamba tangazo liongezewe mstari: majeneza yenye watu walio hai hayataruhusiwa kupanda wala kushuka katika meli zote za kampuni, na agizo linaanza mara moja. Alikuwa ameuandika mstari huo kwenye kibati kwa mwandiko mzuri, akawa anakifunga kwa bisibisi chini ya ngazi.

Gatini wanaume watatu walikuwa wakisubiri na jeneza la boriti za mkoko. Walikuwa wametoka Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya maji, na sanda zao zilikuwa zimelowa mpaka mabegani kwa sababu walivuka kwa miguu. Walikuwa wamekufa zamani sana. Kiswahili chao kilikuwa kigumu, na Sauda alilazimika kuwaomba warudie salamu mara mbili. Wa nne wao, walieleza, alikuwa amebaki chini. Kaburi lake lilimomonyoka na hawakuipata mifupa yake yote.

"Maiti ni nani?" mkubwa wao aliuliza.

"Hakuna maiti," Bi Mwahija aliwajibu kutoka juu. "Ni mimi, ninashuka."

Walipanda kumchukua, wawili mbele, mmoja nyuma. Francis alikaza skrubu ya mwisho, akakijaribu kibati kwa kidole kuona kama kinacheza. Hakikucheza. Akatia bisibisi mfukoni, akapanda kushika kona ya nne.