Nusu ya Margo

Kwaru, kwaru, kwaru. Kimya. Halafu ule mkwaruzo mrefu wa sufuria inayozunguka yenyewe juu ya sementi.

Marguerite aliweka kalamu chini, akageuza kichwa upande wa jiko la uani. Ilikuwa saa sita mchana. Mvua ya siku mbili ilikuwa imekatika, na maji ya mashamba ya mpunga ya Buterere yalikuwa yamesimama mpaka karibu na kizingiti. Mtu asingeingia uani bila kuchapa maji kwa miguu, na hakuna aliyechapa maji.

"Panya," alijiambia. Panya gani huyo mwenye bidii namna hiyo? Siku ya tatu sasa, saa ile ile.

Akarudi kwenye daftari. Lilikuwa la Sista Pilar, Mhispania aliyewapikia uji watoto wa mtaa huo miaka ishirini na miwili, akafa mwaka jana, akamwachia Marguerite nyumba hii aitunze. Mpwa wa Sista aliyezaliwa Uingereza hakujua Kihispania, akaomba daftari ligeuzwe kuwa Kiingereza. Nani mwingine angeliweza? Kihispania Marguerite alikiokota jikoni kwa Sista, kwa kufokewa zaidi kuliko kufundishwa. Kiingereza alikileta kutoka kambi ya wakimbizi Kenya. Diploma hana. Ila alikuwa na namna yake ya kazi: neno likimshinda, alilifanya kwanza kwa mikono. Palipoandikwa kumenya, alichukua kiazi na kisu. Palipoandikwa kupiga magoti alipiga magoti, na magoti yenyewe yana miaka hamsini na minane, yakalalamika. Mikono ikishajua, Kiingereza kilikuja chenyewe.

Ilibaki sentensi moja. "Naogopa siku nitakayoondoka, kwa sababu Margo na Adija watakosa mtu wa kuwapeleka kwenye fregado."

Fregado. Kwao Sista neno hilo lilikuwa kusugua vyombo, na lilikuwa pia magomvi ya watu wanaoishi pamoja. Jikoni kwake aliligeuza kuwa sheria. Wapishi wake wawili, Marguerite wa Uvira, aliyeitwa Margo jikoni humo, na Adija, Mwislamu mzaliwa wa mjini, wakigombana juu ya chumvi, juu ya kuni, juu ya nani kaacha mlango wazi, walikalishwa chini na sufuria kubwa ya uji katikati yao, imefunikwa kifudifudi. Sufuria ile haiwezekani kwa mtu mmoja. Ukiisugua peke yako inazunguka tu. Mmoja alishika kishikio, mwingine akasugua masizi kwa majivu na mchanga, kila mtu nusu yake, kisha wakabadilishana. Hakuna kuinuka mpaka mmoja aseme neno. Mara nyingi neno lenyewe lilikuwa "We mushenzi," na wote wawili wakaangua kicheko.

Neno moja la Kiingereza lilisugua tu, halikugombana. Jingine liligombana, lakini na mikono mikavu. Alikuwa amefuta na kufuta mpaka karatasi ikatoboka.

Basi alifanye kwa mikono, kama kawaida yake. Na nani?

Sista alikufa peke yake. Ilikuwa Ijumaa, Adija yuko msikitini, na Marguerite kachelewa sokoni. Walitupiana lawama mbele ya waombolezaji, maneno mazito, na Marguerite ndiye aliyepiga kelele zaidi. Uji wa msiba uliungua. Sufuria ikabaki na masizi yake, maana wa kuwakalisha hakuwepo tena, na mwaka ukapita hawasemeshani. Kisha asubuhi moja habari ikafika: Adija amefariki, kwake Kinama. Na Marguerite, jamani, Marguerite aliyekula futari nyumba ile miaka ishirini, siku hiyo akafikiri kama watu wa kwao: maiti atangoja, kutakuwa na mkesha. Akaenda kwanza madukani Rohero kutafuta kitambaa cheupe kizuri cha kumfunika mwenzake. Alipofika Kinama saa kumi, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wanakung'uta matope kwenye viatu. Kitambaa kile bado kimekunjwa juu ya kabati. Akikiangalia, roho inamuuma mpaka anakaa chini.

Kwaru, kwaru. Sufuria ikazunguka tena.

Safari hii aliinuka. Jikoni hapakuwa na mtu. Sufuria ilikuwa kifudifudi, imelowa. Juzi alikuta pameng'aa mahali pa ukubwa wa kiganja, jana pa ukubwa wa sahani. Leo ilikuwa nusu nzima, mstari umenyooka kutoka kishikio hiki mpaka kile, huku nyeupe, huku nyeusi. Sementi ilikuwa na mikwaruzo ya duara juu ya duara. Kopo la majivu lilikuwa wazi.

Maji yakachapwa nje, naye nusura apige yowe.

"Hodi, Tantine!" Alikuwa Lubna, binti wa Adija, viatu mkononi. "Nakuja kuomba sufuria. Kesho ni arobaini ya mama, tunapika pilau."

"We ulifika hapa jana? Juzi?"

"Mi? Apana. Na maji haya yote?" Lubna akachungulia. "Mbona umeosha nusu tu?"

Marguerite alifunika kopo la majivu.

"Tantine, kuna kitu nilitaka kukuuliza. Siku ya mwisho mama alikuwa anafanya hivi." Lubna akapitisha kiganja hewani, duara, duara, polepole. "Kwenye mukeka, muchana kutwa. Tukimushika mukono, anautoa. Anauliza tu, 'Margo amefika?' Ilikuwa nini ile?"

Marguerite aligusa ule mstari wa sufuria. "Ilikuwa kazi," alisema. "Kazi yetu."

"Bon, sawa. Mutu wa baiskeli ananingoja barabarani."

"Muambie angoje. Sufuria haitoki hivi."

Lubna alipoondoka, Marguerite aliketi chini upande mweusi, akachota majivu na mchanga, akasugua. Sufuria ikazunguka, ikamletea upande mweupe. Akairudisha. Ikazunguka. Mara ya tatu aliibana kwa magoti, ikamponyoka, na hapo hasira na machozi vikaja pamoja.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Nilikuwa sokoni napiga soga, Adija. Sikuchelewa kwa lolote la maana, nilikuwa nacheka na watu. Ni mi nilimuacha Sista, nikakutupia we. Unasikia? Sasa shika, basi!"

Akasugua. Sufuria haikuzunguka.

Alikaza mkono, masizi yakaanza kutoka, na sufuria ilitulia pale pale kwenye sementi. Hakuthubutu kuinua macho kupita kishikio. Alisugua akilia, na katikati ya kulia kicheko kidogo kikamtoka, hakujua kwa nini.

Maji yakachapwa tena, yakanyamaza mlangoni.

"Tantine," Lubna alisema kwa sauti ndogo. "Nani anakushikia?"

"Ngoja kidogo, mama," Marguerite alisema, macho kwenye kazi. "Tunamaliza."

Lubna alibaki amesimama, viatu mkononi, anaangalia kishikio cha upande wa pili.