Mwenyewe Yupo?

Kwanza umjue Pasi, maana bila kumjua Pasi habari hii haitakuchekesha wala kukuuma.

Pasi ndiye msimamizi wa dobini, pale wanapofua mashuka ya nyumba za wageni na nguo za watu wa mitaa ya jirani. Jina lote ni Pasi ya Moto, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo usoni. Mwanamke wa makamo, mabega mapana, koti jeupe limenyooka mpaka linatisha, na jicho lake linaona doa kabla nguo haijatoka kwenye furushi. Akiingia, redio inazimwa. Akikohoa, watu wanafua tena walichokwisha kufua.

Sasa mwanamke huyohuyo, akirudi nyumbani jioni, anavua viatu, anafunga mlango wa chumba chake, anajifunika blanketi gubigubi, anajikunja mpaka magoti yanagusa kidevu, na hapo anakuwa mtoto wa miaka minne.

Blanketi lenyewe linaitwa Bluu. Ubluu wake uliisha zamani, siku hizi lina rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Limekonda hivi kwamba ukilishika juu unamwona mtu wa upande wa pili. Pembe moja ina utepe laini, au niseme mabaki ya utepe, ambao Pasi anausugua nyuma ya sikio mpaka macho yanalegea. Halijafuliwa tangu mama yake afariki. Na mtu anayekula kwa kufulia wengine, ukiona kitu hakifui, ujue ana sababu.

Sababu ni harufu, na mchezo. Mama alikuwa akimfunika kichwa kizima, halafu anazunguka kitanda kama mtu aliyepotelewa, anauliza, "Mwenyewe yupo?" Kisauti kinajibu kutoka ndani, "Hayupo." Mama anahema. "Basi hili blanketi nalichukua, halina mtu." Na kisauti kinacheka mpaka kinajichongea. Siku hizi mama hayupo, kwa hiyo Pasi anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Anauliza kwa sauti nzito, anajibu kwa ile nyembamba. Anasema polepole sana, lakini ukuta wa chumba kile ni ubao tu.

Na nyuma ya ubao alikuwepo wifi.

Wifi ni mke wa mdogo wake wa kiume. Huyo mdogo ni fundi friji, mtu mpole, amezoea kukaliwa na pande zote mbili kama mto wa kochi. Paa la nyumba waliyopanga liliporomoka, akamleta mkewe kwenye nyumba ya marehemu mama "kwa muda kidogo tu," na ule muda kidogo ukakua mpaka ukaota ndevu. Wifi anafundisha chekechea. Anapenda usafi, anapenda ukweli, na anapenda kuusema mezani watu wakiwa na tonge mdomoni.

"Wifi," alianza siku moja, "naona jana ulikuwa na mgeni chumbani."

"Sikuwa na mgeni."

"Basi aliyekuwa anaulizwa kama yupo ni nani?"

Fundi friji akainama kutafuta kitu chini ya meza. Hakikuanguka kitu.

"Ukuta ni wa mbao," alisema Pasi. "Lakini masikio ni yako, wifi. Yazibe."

"Niyazibe kwa mikono gani, na hii miwili imeshaziba pua? Blanketi lako linanuka mpaka kwetu."

"Linanuka watu wa nyumba hii. Ndiyo maana wewe huijui hiyo harufu."

Wifi akaweka kijiko chini taratibu, kama anavyofanya darasani kabla ya kumsimamisha mtoto kwenye kona. "Mimi nashinda na watoto wa watu. Yupo anayenyonya kidole, yupo wa mdoli, yupo asiyelala mpaka ashike sikio la mwenzake. Nikitoka pale nasema, afadhali, naenda kwa watu wazima. Kumbe mmoja nimemwacha nyumbani. Tena huyu hata mzazi wa kuja kumchukua jioni hana."

Fundi friji akatoka chini ya meza. "Mke wangu, hapo umezidisha."

"Nimezidisha nini? Uongo?"

Pasi alinyanyua sahani yake. "Kitanda unacholalia alikinunua huyo mzazi," alisema, akaenda zake jikoni.

Tangu hapo ikawa vita. Pasi aliacha kunyoosha nguo za wifi, akawa ananyoosha za mdogo wake peke yake na kuzitundika sebuleni ziringe. Wifi naye akaleta kutoka shuleni kikombe cha plastiki chenye mashikio mawili, akakipanga asubuhi mahali pa Pasi, kimejaa chai. Pasi akakishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho huku anamtazama machoni bila kupepesa. Na kwa siri yetu mimi na wewe, ile chai ilimnogea kuliko chai yoyote ya mwaka ule.

Tumwache wifi kidogo, twende dobini, maana huko kuna sheria unapaswa kuijua.

Kila nguo inayoletwa dobini ina alama ya uzi mwekundu pembeni. Isiyo na alama huleta ugomvi: huyu anasema shuka ni langu, yule anasema ni langu, na wote hawana ushahidi. Pasi akaumaliza ugomvi kwa mkasi. Kitu chochote kisicho na alama kinainuliwa juu mbele ya watu wote, kabla hata ya kufuliwa, sabuni isipotee bure. Mkataji anaita, "Mwenyewe yupo?" Asipojitokeza mtu, kinakatwa vipande vya kufutia mashine. Ndiyo, maneno ni yaleyale. Siku anatunga hiyo sheria ndiyo maneno yaliyomjia mdomoni, na hakuhangaika kutafuta mengine.

Sheria ile ilimla Mrefu, mpiga pasi wa meza ya dirishani. Alikuwa na shati la marehemu baba yake, analivaa siku akiwa hana raha. Alama ilikuwa imechomoka kwenye ufuaji uliopita, shati likainuliwa juu. Mrefu akasema ni langu, jamani, mnalijua. Pasi akamwambia, "Alama iko wapi?" Mkasi ukapita, na Mrefu akajifuta macho kwa mkono wa koti. Pasi akaongeza, mbele ya watu wote, "Mtu mzima mzima unalilia nguo?"

Habari hiyo Pasi mwenyewe aliisimulia nyumbani mezani, kwa majigambo, mpaka na sauti ya mkasi aliiga. Wifi alisikiliza kila neno.

Sasa, gari la dobini hupita chekechea kuchukua mashuka ambayo watoto hulalia mchana. Asubuhi ile Pasi alitangulia kazini. Fundi friji alikuwa bafuni anaimba. Wifi akaingia chumba cha Pasi, akalinyanyua Bluu kwa vidole viwili, akalipeleka shuleni ndani ya mfuko, akalisukumiza katikati ya furushi la mashuka ya watoto. Halafu akanawa mikono, akaenda kufundisha irabu.

Furushi likafunguliwa dobini watu wakiwa wamekunywa chai tu. Mashuka madogo, alama nyekundu, alama nyekundu, alama nyekundu. Halafu kikatoka kitu cha rangi ya maji machafu.

Mkataji ni mama mmoja mkongwe pale kazini, wanamwita Bibi Mkasi. Akakigeuza huku na huku. "Hiki nacho nini? Ngozi ya paka?"

"Hakina alama," alisema Mrefu kutoka dirishani.

Pasi alikuwa mlangoni anamfokea dereva. Akageuka, akaona utepe.

Ukitaka kujua damu inavyoweza kushuka mpaka kwenye soli za viatu, ungemtazama. Mara moja alijua ni kazi ya nani. Alijua pia kinachofuata, maana alikitunga yeye. Akisema ni langu, watu wote wale aliowabana kwa miaka wangejua Pasi ya Moto analala na nini. Asiposema, Bluu linakwenda kufuta mafuta ya mashine. Akafikiri: nitaliokota baadaye. Akafikiri: hapana, Bibi Mkasi anakata vidogo kama vya kufungia dawa. Akafikiri: niseme limeletwa kimakosa, lirudishwe shuleni. Hilo lilikuwa wazo zuri, na alikuwa amefungua mdomo alitoe.

Bibi Mkasi akaliinua juu kwa mikono miwili. Jua la dirishani likapenya kwenye uzi ule uliokonda, na nyuma ya blanketi kikaonekana kivuli cha mwanamke mzee aliyeinua mikono. Kikauliza, kwa sauti ya kuvuta:

"Mwenyewe yupo?"

Na mdomo wa Pasi, bila kumwomba ruhusa mwenye mdomo, ukajibu kwa kisauti chembamba cha mtoto aliyefunikwa:

"Hayupo."

Mashine zilikuwa zinanguruma, lakini nakwambia kila mtu alisikia. Watu wakatazamana. Hakuna aliyewahi kusikia sauti ile, wala aliyejua kuwa ndani ya lile koti kuna mtu wa kuitoa. Bibi Mkasi yeye alisikia neno tu. Bosi kasema hayupo, basi hayupo. Akalilaza Bluu mezani na mkasi ukala, kraaa, katikati.

"Yupo," alisema Pasi.

Mkasi ukaendelea.

"Mama, nimesema yupo. Acha. Ni langu."

Mkasi ukasimama, lakini ulikuwa umeshamaliza. Vipande viwili, kila kimoja upande wake. Pasi alitembea mpaka mezani na watu wakampisha njia kama wanavyompisha mtu aliyebeba maji ya moto. Akavikusanya vyote viwili kifuani.

"Lako la kufanyia nini?" aliuliza Bibi Mkasi, na kwa kweli hakuwa na ubaya, alikuwa anataka kujua.

"La kulalia."

Mrefu akaiweka pasi yake kando. Alikuwa ameingoja siku ile, hata kama hakujua itakuja kwa mlango gani. "Alama iko wapi, mama?"

Pasi akazidi kuvibana vile vipande.

"Mtu mzima mzima," alisema Mrefu, "unalilia nguo?"

Hapo ndipo Pasi alipogusa shavu lake na kukuta limelowa. Kwenye kona mtu akacheka, mwingine akafuata. Siku ile redio haikuzimwa tena.

Saa za kufunga zilipokaribia, Pasi alikwenda kwenye ndoo ya matambara, akachambua mpaka akapata kipande kimoja cha lile shati, chenye kifungo na nusu ya mfuko. Akakiweka juu ya meza ya Mrefu. Mrefu alikitazama. Kisha akakichukua, akakirudisha kwenye ndoo.

"Umechelewa, mama," alisema, akavaa koti lake la kutokea.

Nyumbani, wifi alikuwa amekaa sebuleni amejiandaa. Unajua mtu akijiandaa anavyokaa: mgongo umenyooka, maneno yamepangwa.

"Wifi, kabla hujaanza," alisema, "mimi nilitaka lifuliwe tu. Nilidhani nakusaidia."

"Nilisimulia kuhusu mkasi ukiwa umekaa hapohapo."

"Basi ungejitokeza. Si lilikuwa lako?"

"Nilijitokeza."

Wifi hakuwa amelipangia hilo jibu. Akatazama vile vipande viwili, akamtazama Pasi usoni. Akapata neno moja dogo. "Umekuwa mkubwa sasa, basi."

Pasi akampita. Akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake, aliyekuwa amepiga magoti jikoni, kichwa kimo ndani ya friji. Akamgusa bega.

"Shika. Hii nusu yako."

Fundi friji akatoa kichwa. Alikitambua kabla hajakishika. Alizaliwa wa pili, akawa anafunikwa wa pili, na maisha yake yote hakuwahi kuruhusiwa kugusa upande wa utepe. Nusu aliyopewa ndiyo ilikuwa na utepe.

"Dada. Huu si wako?"

"Chukua kabla sijabadili mawazo."

Huo usifikiri ulikuwa upendo mtupu. Upendo ulikuwepo, lakini Pasi alijua vizuri sana kitanda gani kile kipande kinakwenda kulala, na ubavuni kwa nani.

Fundi friji akakisogeza puani. Mikono yake ina grisi, mwanaume mwenye kipara kinachoanza, amesimama jikoni amefumba macho. "Mama," alisema polepole, kama mtu anayesoma jina mlangoni. Kusema kweli harufu ya mama ilitoka zamani, iliyobaki ilikuwa ya Pasi, lakini nani angemwambia.

"Mume wangu, weka chini hilo tambara," alisema wifi. "Sikiliza, halipandi kitandani kwangu."

"Kitanda ni cha mama," alisema fundi friji, akaingia nalo chumbani. Yule mpole, mto wa kochi. Hata yeye mwenyewe alionekana kushangaa.

Walikula. Vyombo vikaoshwa kwa kelele. Kisha Pasi akafunga mlango wake, akajifunika nusu yake, ambayo sasa ikifunika kichwa inaacha miguu. Akasikiliza upande wa pili wa ubao: kitanda kimelia, wifi amegeuka, wifi amegeuka tena.

"Mwenyewe yupo?" aliuliza Pasi, safari hii kwa sauti kamili.

Halafu kutoka nyuma ya ubao likaja besi la fundi friji, zito, limefunikwa na kitambaa:

"Hayupo."

Na akacheka. Pasi naye akacheka, akauma kona ya blanketi.

"Mimi nipo," alisema wifi kwa hasira. "Mimi mwenyewe nipo humu ndani, na nataka kupumzika."

Hakuna aliyemjibu. Hakuwa ameulizwa yeye.