Unga Mweupe wa Victorine

Victorine alirudi Kalemie, mji wa bandari kando ya ziwa, mwaka 1990 na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo. La pili lilijaa vitabu, na katikati ya vitabu, ndani ya sweta, palikuwa na chupa ya unga mweupe aliyopewa na profesa wake Ufaransa siku ya kuagana. Kule alikuwa amesomea betri za aina mpya, ambazo wakati huo hata Ulaya zilikuwa bado mambo ya maabara. Angeweza kubaki. Lakini baba yake, fundi wa reli, alikuwa amefariki, na mama yake, Mama Hortense, asingeweza kumtunza peke yake Sébastien, kaka yake Victorine, ambaye alikuwa na ugonjwa wa akili uliotulizwa na vidonge vya kila siku.

Alipata kazi ya kufundisha kemia katika lisé, shule ya sekondari moja ya mjini. Hakuacha kufikiria betri zake. Mwaka uliofuata alipanda mtumbwi wa mota hadi Kabimba, kwenye kiwanda cha saruji, akamwomba mkuu wa labo, yaani maabara ya kiwanda, Papa Ngoy, amwazime tanuru yake ndogo ya umeme.

"Nieleze kwanza, Mwalimu," alisema Ngoy. "Sitaki kitu kitakacholipuka."

"Waza mikeka, Papa Ngoy, umeipanga mmoja juu ya mwingine. Mikeka yenyewe ni kobalti na oksijeni. Kati ya mukeka na mukeka njo lithiamu inakaa. Ukichaji betri, lithiamu inatoka katikati. Ukiitumia, inarudi. Mikeka inabaki palepale."

"Na ikitoka yote?"

"Mikeka inaharibika, betri inakufa. Kwa hiyo tunatoa karibu nusu tu."

Ngoy aliitazama tanuru yake. "Lakini hiyo lithiamu si iko Manono? Baba mukwe wangu alichimba bati kule. Anasema mawe yake wanayatupa."

"Iko. Ila kuitoa ndani ya jiwe ni kazi ya kiwanda kizima. Mimi niko na chupa moja."

Ngoy alikuwa na rafiki katika mji wa Likasi ambaye angeweza kumpatia oksidi ya kobalti. Wakakubaliana kwamba itakapofika watachanganya unga wa aina mbili, watauchoma, na kuona kama utatoka mweusi unavyotakiwa.

Kobalti ilifika mwezi wa Septemba. Mwezi huohuo askari walianza kupora Kinshasa, uporaji ukaenea miji mingine, na maghala ya dawa yakabaki matupu. Vidonge vya Sébastien vilikuwa vikitoka Lubumbashi kwa treni. Treni ilipofika tena, haikuleta kidonge hata kimoja.

Sébastien alikuwa mwendeshaji wa kreni bandarini, mtu mpole, mwenye maneno machache. Bila dawa aligeuka mwingine. Aliacha kulala. Alizungumza mpaka sauti ikakauka. Baiskeli yake alimpa mtu aliyekutana naye njiani. Kisha asubuhi moja alipanda juu ya kreni na kuwaamuru manahodha wapakie mji mzima waupeleke Kigoma. Wenzake walimteremsha kwa kamba, huku akiwabariki mmoja mmoja kwa jina.

Walimpeleka hospitali. Dokta Cyrille aliwaambia wazi kwamba hana cha kumpa ila sindano za kumlaza usingizi.

"Ile dawa yenyewe njo nini?" aliuliza Mama Hortense. "Haiwezi kutengenezwa hapa?"

"Ni chumvi fulani, Mama. Kaboneti ya lithiamu. Hapa hakuna."

Victorine alikuwa anatazama sakafu. Jina hilo alilijua tangu zamani, kwenye pakiti za kaka yake na kwenye chupa yake mwenyewe. Siku zote zile, Sébastien akizunguka mji bila kulala, yeye alikuwa akijiambia kwamba vidonge vitakuja.

"Mimi niko nayo," alisema.

Dokta alimgeukia. "Wapi?"

"Nyumbani. Kwa kazi yangu ya betri. Ni safi kuliko ile ya vidonge, karatasi inayothibitisha ninayo."

"Mwalimu, hiyo si dawa, ni kitu cha labo. Na hapa siwezi kupima damu yake. Ikizidi kidogo inaua."

"Na tusipompa?"

Dokta Cyrille alifungua tena kadi ya mgonjwa. Mwishowe alisema angejaribu, kwa kipimo cha vidonge vya zamani, bila kuzidisha. Anywe maji mengi. Chumvi kwenye chakula isipunguzwe. Akitapika, akitetemeka sana au akiyumba kama mlevi, waache papo hapo.

Victorine alipima unga kwa mizani ya shule, akaufunga katika vijikaratasi. Kila siku alimwambia kaka yake anyooshe mikono, akavitazama vidole vikitulia hewani. Kabla mwezi haujakwisha Sébastien alikuwa analala. Baadaye akaanza kuona haya, akakumbuka baiskeli. Chupa ilikuwa inapungua.

Siku moja alimkuta dada yake akifunga vijikaratasi.

"Hii unaitoa wapi?"

Akamwambia. Sébastien alikaa chini.

"Kumbe nimekula kazi yako."

"Umekula dawa."

"Usinifanye mutoto, Victorine. Ulikuja nayo toka Ulaya. Iliyobaki peleka Kabimba."

"Sipeleki. Kama umekasirika, kasirika. Lakini kunywa."

Alikasirika kweli. Hakumsemesha dada yake mpaka Jumapili. Ila alikunywa, na wakati huo alikwenda bandarini akamtafuta Mama Dorothée, mfanyabiashara aliyevuka ziwa mara kwa mara kuleta vitenge na sabuni. Alimwandikia jina la dawa, akamwomba aulizie kwenye maduka ya dawa ya Kigoma. Safari ya kwanza mama huyo hakuipata. Safari ya pili alirudi na makopo matatu ya vidonge.

Chupani palikuwa pamebaki unga kidogo, kama vijiko viwili. Sébastien ndiye aliyeupakia kwenye mtumbwi, akafuatana na dada yake.

Papa Ngoy hakuuliza kwa nini walichelewa. Habari za kreni zilikuwa zimefika hata kwake. Walisaga unga mweupe na wa kobalti pamoja, wakauweka katika kibakuli cha udongo, wakawasha tanuru. Kesho yake, kilipopoa, walitoa donge jeusi. Victorine alilisaga akalitazama juani. Halikuwa na doa la buluu wala la kijani, ambalo lingeonyesha kwamba mchanganyiko umeharibika.

"Njo yenyewe?" aliuliza Sébastien.

"Rangi ndiyo. Lakini rangi peke yake haitoshi. Kuona kama mikeka imepangika inahitaji mashine ya eksirei ambayo haiko hapa."

"Na betri?"

"Betri inataka vitu vingine vingi. Hatuvipati."

Victorine aliukusanya unga kwenye karatasi. Kisha Ngoy akaleta chupa ndogo mbili.

"Nigawie nusu, Mwalimu. Niiweke hapa labo mpaka siku tutakapopata hiyo mashine."

"Na kama nilikosea?"

"Basi tutakuwa na kosa moja, wote wawili," alisema Ngoy, akashika chupa wazi mbele yake.