Mguu Uliokuwa Kapuni

Fundi cherehani alikuwa na mazoea ya kubana pini midomoni akiwa kazini, ndiyo maana wateja wake walizoea kujibiwa kwa mguno. Lakini Mwenyekiti wa kamati ya kuwaenzi wanajeshi alipoingia kibandani kwake, alizitema zote kiganjani.

"Mama, hongera kwa kuzaa shujaa," Mwenyekiti alisema, akaketi bila kukaribishwa. "Jumamosi tunamtaka mwanao jukwaani."

Mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Afande, alikuwa kwenye korido ya nyumba yao, nyuma ya kibanda, akifanya mazoezi. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti, vitani. Tangu apewe wa bandia, kutwa alikuwa akienda na kurudi, mkono ukutani, jasho likimtoka, mpaka ukuta ukaweka weusi wa kiganja chake. Sasa alitembea bila kushika kitu. Mama yake alikuwa amemshonea suruali ya sare yenye upindo mrefu kidogo upande ule, ifunike kiatu vizuri, asijue mtu.

"Nitapanda jukwaani mwenyewe," Afande alisema mlangoni, uso umemchangamka.

Mwenyekiti alimtazama miguu, akakuna kidevu. "Hapo ndipo penye kazi, mwanangu. Ukipanda hivyo, nani atajua? Watakuona mzima kama mimi. Tunachangisha kwa ajili ya walioumia, lazima watu waone. Mama atakukunjia suruali hapa gotini, utakaa kwenye kiti cha magurudumu. Nitakusukuma mimi mwenyewe."

"Mguu ninao."

"Unao, nani kakataa? Uache nyumbani siku moja tu, hautalia." Alicheka peke yake. Kisha, akiinuka: "Na ile kazi ya stoo uliyoniomba, ondoa shaka. Baada ya sherehe njoo tuongee."

Alipotoka, mama alisema, "Sikunji."

"Kunja, Mama."

"Mwanangu, hiyo ni kukuanika."

"Tangu nirudi nakula jasho lako. Nataka kazi. Kunja."

Jumamosi akakunja. Alibana kwa pini tu. Uzi alishindwa kuupitisha. Mguu wa bandia aliuweka kwenye kapu lake la vitambaa, akaenda nao ukumbini, maana moyo ulikataa kuuacha.

Ukumbi ulifurika. Mwenyekiti alipomsukuma Afande ndani, watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele, mwenye duka la dawa, alibubujikwa na machozi, akapanda kumvisha shada la maua. "Shujaa wetu! Tutakulipa nini sisi!" Kisha wimbo wa taifa ukapigwa, na ukumbi mzima ukasimama.

Afande naye alishika mikono ya kiti, akajiinua kwa mguu mmoja. Tangu avae sare, hakuwahi kuusikia wimbo ule akiwa ameketi. Mkono wa Mwenyekiti ukamkandamiza begani.

"Kaa, kaa, shujaa. Unapendeza hivyo hivyo."

Akakaa. Mama yake alimwona anatazama magoti yake, haimbi. Yeye aliyekuwa akiomba asubuhi na jioni tangu mwanawe aende vitani, alitafuta la kumwambia Mungu, akapata neno moja tu: Unaona?

Sherehe ilipoisha mama na mwana walimfuata Mwenyekiti pembeni.

"Ile kazi, mzee," Afande alisema.

"Stoo?" Mwenyekiti alishusha sauti. "Ah, mwanangu. Stoo ni ngazi, stoo ni mizigo. Leo mji mzima umekuona kwenye kiti. Nikikuajiri watasema namtesa shujaa wa taifa. Watanitafuna mzimamzima."

"Lakini natembea. Uliniona."

"Mimi niliona. Wao je?" Akampigapiga bega, akawageukia wageni wake.

Mama alimsukuma mwanawe hadi chumba cha kuwekea viti, akafunga mlango, akapiga magoti. Alichomoa pini moja moja, akizibana midomoni kama kawaida yake. Suruali ikashuka, ila mkunjo ukabaki umekaza pale gotini. Akatoa mguu kapuni, akamvalisha. Afande akasimama, akakiacha kile kiti humo humo, akatoka akitembea katikati ya watu, mgongo umenyooka, shada shingoni.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

"He! Kumbe anatembea!" alisema mwenye duka la dawa. "Na miguu yote anayo! Nami nimelia pale kama mjinga."

"Mwigizaji huyo," mtu mmoja alidakia. "Hata jeshini sijui kama alifika."

Mwanamke akamsogelea Afande, mkono mbele. "Lete maua yangu."

Afande aliinamisha kichwa ili amvue vizuri, kwa adabu ile ile aliyoinamisha nayo alipokuwa akivishwa. Mama yake, nyuma yake, alikuwa na jibu. Lakini mdomo ulikuwa umejaa pini, na safari hii hakuzitema. Aliziuma.