Sura Waliyotaka Kuiruka

Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, sisi watu watano wa Garsen hukutana nyuma ya duka la Fardowsa kusoma riwaya za mtunzi mmoja anayeandika habari za watu wanaosafiri kwenye nyota. Hii ya sasa ina kurasa mia saba. Mimi niliishia darasa la saba. Nasoma polepole, lakini siruki neno.

Juzi Mwalimu Ahmednoor alisema, "Sura ya tisa tuiache. Kurasa arobaini mtu anaeleza mawe na majani! Hata mwandishi mwenyewe alisinzia."

Wakacheka. Mimi damu ilinichemka.

"Mwalimu, huyo anayeeleza ametumwa na wenzake kutafuta nchi ya kuhamia. Anawaletea habari."

"Mama Farah, hii ni sayansi, si malisho ya ng'ombe."

"Ni malisho! Marehemu mume wangu ndiye aliyetangulia kuangalia nyasi kabla hatujahama. Akirudi, wazee walikuwa wakimsikiliza mpaka mwisho. Mwaka mmoja walimkata maneno, wakasema wametosheka. Alikuwa hajafikia habari ya mbung'o waliojaa huko. Tulipoteza ng'ombe thelathini, na lawama akabebeshwa yeye mpaka anaingia kaburini. Wewe mwisho wa sura umeusoma?"

Fardowsa akafunua upesi kurasa za mwisho.

"Wallahi, hapa anasema maji yana sumu."

"Na wewe Mwalimu, uliporukia sura ya kumi ukalalamika watoto wanakufa bila sababu! Astaghfirullah."

Nikaanza kuisoma kwa sauti. Ukurasa wa tatu mwalimu alipiga miayo. Nilinyanyua macho, nikamtazama mpaka akafunga mdomo.