Jabiri na Wachungaji Wasio na Fimbo

Mjukuu wangu Yasmin alirudi kwangu Msimbu na begi lake, ugomvi wenyewe wa pilipili. Mumewe, Jabiri, aliona vidukari wamejazana kwenye pilipili za mkewe kule Pangani, Kibaha. Hakuuliza mtu, akawamwagia mafuta ya taa. Vidukari walikufa, si uongo. Pilipili nazo zikafa zote, na mchicha wa jirani ukanyauka.

Ijumaa Jabiri akamfuata, kanzu imepigwa pasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Kibiriti umekuja nacho, au leo ni mafuta ya taa tu?"

Kwetu bibi na mume wa mjukuu ni watani, kwa hiyo kununa hakuruhusiwi. Yasmin alikuwa jikoni, hata salamu hakutoa.

"Bibi, namtaka mke wangu."

"Ukitegua utampata. Kitendawili!"

"Tega."

"Wachungaji wangu hawana fimbo, ng'ombe wao hawana pembe, na kutwa wanakamua."

Nikampeleka bustanini, nikamwambia jibu limo humo. Akasimama katikati ya pilipili zangu, macho juu kama anautafuta mwezi wa Ramadhani. Angeinama angewaona sungusungu kwenye mashina, wanalamba utamu wa vidukari na kuwalinda. Na njia yao ilipita juu ya kiatu chake.

"Wamasai?"

"Wamasai wakose fimbo?"

"Basi nakupa mji, bibi. Chukua Kibaha!"

"Kibaha nilikwenda, nikakuta kunanuka mafuta ya taa. Sikukaa."

"Chukua na Mlandizi! Bibi, kuna kitu ndani ya kanzu!"

"Ndiyo jibu hilo, linakupanda."

Wapi! Alishaanza kuruka, kanzu kaikunja, anajipiga mapaja kama yuko ngomani. Yasmin akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, kicheko kimemshinda.

"Sungusungu hao! Wanachunga vidukari! Toka hapo, mwanamume wewe!"

"Umemtegulia," nikasema. "Nifanyeje sasa?"

"Ningemwacha aliwe, bibi?"

Jabiri akahema. "Yasmin, turudi nyumbani."

"Tutapanda upya. Vidukari nitawaosha mimi, kwa maji ya sabuni. Wewe utashika ndoo."

"Nitashika," akasema, huku anajikuna mahali ambapo mkwe hajikuni mbele za watu.

Yasmin akanipa mwiko, akaingia ndani kuchukua begi.