Bwana wa Ng'ambo Mbili

Jumamosi wanangu wawili walikuwa waje Magu niwagawie mali ya baba yao. Mwaka ulikuwa umepita tangu tumzike Shimba, mume wangu, na ugawaji nilishaumaliza kichwani. Mashimba, mkubwa, abaki na mji wetu wa Magu ambao Shimba aliurithi kwa baba yake, pamoja na majaruba ya mpunga. Pius, mdogo, achukue shamba la Kisesa tulilolinunua mimi na Shimba kwa pamba ya misimu sita. Ng'ombe kumi na wawili, sita kwa sita. Kila mtu na chake, kelele ziishe. Maana tangu mazishi walikuwa hawasemeshani. Kila mmoja akinipigia simu ni "Mama, mwambie huyo mwanao," kana kwamba huyo mwanangu si ndugu yake. Hilo ndilo lilikuwa linanikondesha: nife niache watoto wawili, kila mmoja asiye na ndugu.

Alhamisi akaja Rebeka, binti wa Mashimba, anayesoma chuo kule Nyegezi. Tukakaa barazani. Mimi nachambua karanga za mbegu, zilizosinyaa kwenye bakuli, nzima kwenye ungo. Yeye na kitabu cha historia kinene kama tofali.

"Nisomee na mimi," nikamwambia. "Darasa la saba hawakutufundisha hao watu wako."

"Ni Wanormani, Bibi. Watu wa Ulaya, miaka kama elfu moja iliyopita. Huyu ni mkubwa wao mmoja, Bwana Rojeri."

"Ana ng'ombe?"

Akacheka mpaka kitabu kikamponyoka. "Ana farasi. Wewe mke mwenzangu, kwako mtu bila ng'ombe si mtu."

Alisoma polepole, akinigeuzia Kiingereza kuwa Kiswahili. Rojeri alikuwa na ngome ya magogo juu ya kilima cha udongo ambacho watu wake walikirundika kwa mikono, kando ya mto. Mtawala wao alipovuka bahari kwenda kuteka nchi ya watu, Rojeri alikwenda naye, farasi wakipakiwa kwenye mashua huku kwato zinateleza. Wakashinda. Akapewa ardhi ng'ambo ya pili, kubwa kuliko ya baba yake. Mkewe, Adeliza, alibaki nyumbani na funguo kiunoni, anapima nafaka, anaamua kesi za watu. Alizaa saba, akazika watatu.

"Huyo namjua," nikasema.

Rojeri alipoona kifo kimekaribia, alifuata desturi yao: ardhi ya urithi kwa mtoto wa kwanza, ardhi aliyoipata kwa mkono wake kwa wa pili.

Nikaacha karanga. "Alikuwa na akili. Ndivyo nitakavyofanya keshokutwa."

"Ngoja kwanza, Bibi." Akafunua ukurasa. Mtawala wao naye alikufa, kila ng'ambo ikapata mtawala wake, na hao wawili wakapigana. Kila mwana wa Rojeri akasimama na bwana wa upande wake. Mwaka wa tatu, yule mkubwa akavuka maji, akachoma maghala ya mdogo.

"Na mama yao?"

Rebeka alitafuta kwa kidole. "Aliingia nyumba ya watawa. Wameandika mstari mmoja tu."

Ijumaa nzima nilipalilia mchicha nikiuwaza huo mstari. Wale vijana hawakuwa wabaya. Ila hakuna aliyekuwa na chake kwa mwenzake, cha kumfanya avuke kwa amani. Sisi Wasukuma mtu haweki ng'ombe wake wote zizini kwake. Wengine anawapeleka kwa mwenzake. Anayewatunza anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Akizaliwa unakwenda kumwona, akifa unaonyeshwa ngozi. Shimba na rafiki yake Malimi waliwekeana ng'ombe miaka arobaini. Waligombana kila walipokutana, na hawakuacha kukutana.

Jumamosi wanangu wakaja, wakanipa shikamoo, wakakaa kila mmoja ncha yake ya benchi. Nikataja mashamba kama nilivyopanga. Wakashusha pumzi.

"Ng'ombe sita wa Mashimba watakaa Kisesa kwa Pius," nikaendelea. "Sita wa Pius watakaa hapa kwa Mashimba."

Pius akanitazama kama niliyepandwa na malaria. "Mama, mimi nauza saruji! Ng'ombe wa huyu niwafuge juu ya mabati?"

"Nyasi za shamba lako zinakuzidi kimo," nikasema.

"Atawaua, Mama," Mashimba akasema. "Hata mbuzi wa harusi yake walimshinda." Kisha akamgeukia. "Au nasema uongo?"

"Wale walipigwa na radi!"

"Radi gani inayochagua mbuzi wako, ikaruka wa jirani?"

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo! Nani alikusaidia kuchuna?"

Nikaona mdomo wa Pius unacheza upande mmoja. "Uliondoka na mapaja mawili," akasema.

"Ilikuwa haki yangu. Sasa sikiliza: akifa hata ndama wangu, nataka ngozi. Uilete mwenyewe."

"Nitaileta. Na wa kwangu nitakuja kuwahesabu, tena bila kubisha hodi."

Wakatoka kwenda zizini kuchagua, wakibishana mtamba mweupe aangukie kwa nani. Sauti zao zilikuwa kali. Sikuinuka kwenda kuwaamua.